Vidole Visivyotakiwa Kunyooshwa

Watu wakinitembelea kwa mara ya kwanza huangalia miguu yangu. Wanasalimia, wanakaa, wanapewa maji ya kunywa, halafu macho yanashuka yenyewe hadi kwenye miguu iliyotulia juu ya kibao cha kiti cha magurudumu, na sura zinajaa huruma. Nawaacha waangalie. Wangeniuliza ningewaambia kwamba miguu niliisamehe mapema sana, hata kabla sijatoka hospitali. Kilichoninyima raha kwa zaidi ya mwaka mzima ni mkono wa kulia, tena si mkono wote, ni vidole tu, na hivyo vidole nilivitakia kazi moja. Nilitaka vimege ugali.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi mjini Tabora. Nilipanga chumba Ipuli, sikuwa nimeoa, na mama hakuacha hata wiki moja ipite bila kunikumbusha. Mwisho wa juma nilikwenda porini kuangalia mizinga saba ya nyuki aliyoniachia baba. Jumamosi moja nilipanda juu ya mti wa myombo ili nitundike upya mzinga ulioanguka, kamba ikateleza mkononi, nikashuka kwa njia ya mkato. Nilitua kwa shingo. Watu hungoja nisimulie hapo kirefu, lakini hakuna cha kusimulia. Nyuki wenyewe hawakuhusika, mzinga ulikuwa mtupu.

Hospitali kubwa nilikopelekwa ilikuwa mbali na kwetu. Wodini tulikuwa wanaume watatu tuliopangwa mstari mmoja, na wageni wote walituita kwa jina moja, wale wa uti wa mgongo. Walituletea machungwa sawasawa, wakatuombea sawasawa, na mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake alituachia maji ya mizizi iliyochemshwa, chupa moja tugawane watatu. Mimi nililala pale nikishangaa. Jirani yangu wa kushoto, dereva wa lori, alijivalisha suruali mwenyewe akiwa kitandani, akajivuta kwa mikono miwili hadi kwenye kiti, akatoka nje kuota jua huku anapiga mluzi. Jirani wa kulia, muuza mbao, aliweza kugeuza kichwa na kupandisha mabega, basi. Hata kukohoa alihitaji mtu amkandamize tumbo. Na mimi nilikuwa katikati yao, kwa kitanda na kwa hali. Nilikunja kiwiko lakini sikuweza kukinyoosha. Niliinua kifundo cha mkono, lakini vidole vililala tu. Nilitaka mtu anieleze ugonjwa gani huu wenye jina moja na sura tatu.

Aliyenieleza ni dada wa mazoezi, mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi asiyependa mgonjwa anayejihurumia. Alipojua ninatoka Tabora alivuta kigoda, akageuza karatasi iliyoning'inia kitandani kwangu, akachora mstari mrefu nyuma yake.

"Mwalimu, reli ya kati unaijua?"

"Nimekua naisikia ikipiga honi."

"Basi kichwa chako ni Dar es Salaam. Amri zote zinatoka huko kwa treni, zinapita ndani ya uti wa mgongo. Reli ikikatika mahali, vituo vya nyuma ya pale palipokatika vinapata treni kama kawaida. Vya mbele havipati. Kituo kinaweza kuwa kizima, kina jengo lake, kina taa, lakini treni haifiki. Tunaelewana?"

"Tunaelewana."

"Huyu ndugu dereva amekatika mbali, huko Uvinza, safari karibu imeisha. Mikono imepata, kifua kimepata, miguu ndiyo iliyokosa. Kaka yetu wa mbao amekatika mapema, Morogoro. Wewe umekatika Itigi. Ni pingili ya sita ya shingo. Mabega yako yamepata, kiwiko kimepata kukunja, kifundo cha mkono kimepata kuinuka. Vidole vilikuwa kituo kinachofuata."

"Kwa hiyo Tabora haipati treni."

"Tabora haipati," akasema, na hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Muuza mbao alicheka kuliko sisi wote, kwa sauti yake ndogo isiyo na pumzi. "Mwalimu usilalamike," akasema. "Mimi hata Dodoma sijaiona." Tangu siku ile tuliitana kwa vituo, na wageni walipouliza hali zetu tuliwajibu kwa vituo, wakaondoka wakidhani tumeharibikiwa na kichwa pia. Nilicheka nao, lakini nilipobaki peke yangu niliwaza kuwa reli yenyewe ilifuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu zangu Wanyamwezi waliipita kwa miguu na mizigo mabegani kabla treni haijajulikana. Walifika hadi pwani na kurudi. Wazo hilo lilinipa ukaidi kidogo, na ukaidi ulinisaidia.

Siku chache baadaye dada wa mazoezi aliushika mkono wangu wa kulia na kuuweka juu ya mto. "Legeza. Sasa inua kifundo tu, usifikirie vidole." Nikainua. Vidole, ambavyo nilikuwa nimeviangalia wiki sita bila hata kimoja kutikisika, vilijikunja vyenyewe polepole, na kidole gumba kikaja kugusa ubavu wa kidole cha shahada. "Angusha kifundo." Vikafunguka. Nikainua tena, vikajikunja tena. Alinieleza kwamba si mimi niliyevisogeza. Ni kano, zile nyuzi ngumu zinazotoka mkononi hadi vidoleni. Ni fupi kidogo, hivyo kifundo kikiinuka zinavutika na kuvuta vidole pamoja nazo. Akapenyeza kipande cha mkate kati ya gumba na shahada. Kikashikwa. Nikakunja kiwiko, mkate ukapanda, nikaung'ata. Nililia mbele za watu, na dereva akapiga mluzi wa harusi.

Hapo ndipo nilipomwambia dada yule ninachokitaka. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi baiskeli Mtendeni. Kila Jumapili baada ya misa huja nyumbani kwa mama, karibu na Kipalapala, pamoja na majirani wawili, na sisi wanaume wanne tulikula sinia moja barazani tangu nilipomaliza shule. Kabla ya hapo nilikula jikoni na wanawake na watoto. Hakuna aliyenitangazia kuwa nimekuwa mtu mzima. Mjomba alisema tu siku moja, "Njoo unawe," nikajua. Kwenye sinia lile niliambiwa mashamba yapi ya ukoo ni ya nani, nikafundishwa kupanga mizinga, nikasemwa kwa uvivu. Mtu anayelishwa kwa kijiko chumbani halifikii sinia lile, na asipolifikia hata habari za nyumba yake huzisikia zikiwa zimepoa. Nilimwambia dada wa mazoezi nataka kurudi pale kwa mkono wangu mwenyewe.

"Utarudi," akasema. "Ila nisikilize vizuri. Vidole vyako vitaanza kukaza na kujikunja. Viache. Tunataka vikaze kidogo, maana huko kukaza ndiko kunakoshika. Mtu akivinyoosha huku kifundo kimeinuliwa, kano zitalegea, na mshiko huu utapotea. Vinyooshwe tu kifundo kikiwa kimeinama. Umenielewa, mwalimu?"

Nilimwelewa. Mama wakati huo alikuwa bombani anafua mashuka yangu.

Sasa lazima nieleze mama ni mtu gani. Mama ni mkulima wa karanga na mahindi, lakini kwa majirani ni mikono yake inayojulikana. Mzazi akitoka kujifungua, mama huitwa amkande kwa maji ya moto. Mtu akiteguka mguu, mtoto akikaza shingo, mzee akishindwa kunyanyua bega, mama huitwa. Ana vidole vifupi vyenye nguvu ya koleo, na kazi yake yote aliyojifunza kwa bibi ni hii, kwamba kilichokaza kilegezwe na kilichopinda kinyooshwe. Hospitalini mikono hiyo haikuruhusiwa kazi yake. Miezi minne alikaa kwenye benchi la nje akisubiri saa ya kuona wagonjwa, mkobani ana chupa ya mafuta ya karanga ambayo wauguzi hawakumruhusu kuitumia. Tuliporudi nyumbani kwake aliiweka chupa ile dirishani kwangu hata kabla hajafungua mizigo.

Kesho yake asubuhi alikuja na beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leta mkono."

Akaufunika kwa kitambaa cha maji ya moto, akaupaka mafuta, akakanda bega, akakanda mkono wote, na nitasema ukweli, nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nianguke. Halafu akakiinua kifundo changu kwa mkono wake wa kushoto, na kwa wa kulia akavinyoosha vidole vyangu kimoja kimoja hadi mwisho, akavishikilia hapo huku anahesabu taratibu kwa Kinyamwezi. Nilikuwa nimekatazwa kitu kimoja tu, na ndicho hicho alichokifanya.

Nilifungua mdomo niseme, nikauona uso wake. Ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu aliyerudishiwa kazi yake. Nikafunga mdomo. Nikajiambia nitamwambia kesho.

Kesho nayo nilijiambia hivyohivyo. Mimi niliyezoea kuwakaripia watoto arobaini kwa wakati mmoja nilishindwa kumwambia mama mmoja sentensi moja. Siku ya tano maji yalikuwa moto mno. Upande wa kidole gumba ninasikia, lakini upande wa kidole cha mwisho sisikii kitu, kwa hiyo sote wawili hatukujua mpaka ngozi ilipovimba malengelenge. Mama alilia siku nzima. Tangu hapo akapoza maji, na ili kufidia akaongeza muda wa kunyoosha, asubuhi na jioni. Baada ya machozi yale ndiyo kabisa nikakosa ujasiri.

Jumapili zilikuja. Mjomba alifika na majirani, baiskeli zikaegeshwa ukutani, maji ya kunawa yakamiminwa, nikasikia sinia likiwekwa chini. Mara ya kwanza walikuja wote chumbani kuniita. Nikasema nimechoka. Mara ya pili nikajifanya nimelala. Mama aliingia na sahani na kijiko, akanilisha taratibu, akinifuta kidevu, huku barazani wanacheka jambo ambalo sikulisikia mwanzo wake. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa kali kuliko maumivu yoyote ya shingo.

Wiki ya sita hivi niliamua kumwonyesha mama badala ya kumwambia. Niliwaza kwamba akiona ule mshiko kwa macho yake ataelewa mwenyewe, nami sitakuwa nimemlaumu. Alipoleta chai na mkate nikasema, "Mama, kaa hapa uone kitu. Niwekee mkate hapa kati." Akaweka. Nikainua kifundo. Vidole vilijikunja nusu, kivivu, vikaishia njiani. Gumba halikufika kwenye shahada. Mkate ukaniangukia kifuani.

Mama alifurahi. Alipiga makofi kabisa. "Umeona vilivyolainika!" akasema. "Mwezi ujao vitanyooka moja kwa moja, mwanangu, Mungu ni mwema."

"Mama, unaniua mkono!" nikapiga kelele.

Nilisema na mengine, ambayo siyaandiki. Nilisema kila nilichokuwa nimekiahirisha wiki sita, kwa sauti ambayo nadhani ilifika hadi kwa jirani. Aliuokota mkate kifuani kwangu, akapangusa mabaki kwa kanga, akatoka. Chupa ya mafuta aliondoka nayo.

Siku zilizofuata alinigeuza kitandani, akaniogesha, akanilisha, kila kitu kwa wakati wake. Lakini hakunikanda, na badala ya kuniita baba akaniita mwalimu. "Mwalimu, geuka. Mwalimu, fungua mdomo." Sijawahi kuichukia kazi yangu kama wiki ile. Nilijaribu kueleza habari za kano, nikatumia lugha ya hospitali, akasema "Sawa" na kutazama pembeni. Nikaona kuwa kwake yeye nilichosema kilikuwa kimoja tu, kwamba mikono iliyomkanda kila mzazi wa kijiji imemwumiza mwanawe wa pekee.

Jumapili mama alichinja kuku. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti karibu na dirisha, namsikia jikoni akinyonyoa na kukata. Halafu kelele za kisu zikakoma. Akaingia chumbani kwangu mikono imelowa, ameshika mguu mmoja wa kuku, ule wa chini wenye kucha, kano nyeupe imechungulia pale ulipokatwa. Kila mtoto wa kwetu ameuchezea mguu kama ule. Ukivuta kano, kucha zinafumba. Ukiachia, zinafumbua.

Hakusalimia. Akavuta kano kwa ncha za vidole. Kucha zikafumba.

"Ni hivi?"

"Ni hivi hivi, mama."

Akaitazama. Kisha akazishika zile kucha, akazikunjua kwa nguvu, akazirudisha nyuma mara nyingi, kama alivyokuwa akifanya mkono wangu, mpaka kitu ndani kikalegea. Akavuta kano tena. Kucha zilitikisika kidogo, hazikufumba.

"Na hivi ndivyo nilivyokufanya."

"Bado, mama. Kano zangu hazijalegea kabisa."

Aliketi kitandani na ule mguu wa kuku mapajani. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nikikukataza utakosa cha kufanya."

"Mimi?" Alinikodolea macho. "Mimi nikose cha kufanya? Nina karanga shambani zinaliwa na ngedere, nina kuku wana kideri, nina mzazi wa pacha hapo ng'ambo ananisubiri tangu asubuhi, nina wewe mzima huyu wa kugeuza kila baada ya saa mbili, halafu nikose cha kufanya!" Akaanza kucheka kwa hasira, nami nikaanza, na tukacheka mpaka nikateleza kwenye kiti ikabidi anivute kwa makwapa. "Baba, una elimu lakini huna akili," akasema, na nilivyosikia ameniita baba nikafurahi mno.

Akanawa, akaja akaushika mkono wangu. "Kwa hiyo nikiinamisha hapa, navifungua. Nikiinua hapa, navikunja. Kamwe nisiinue hapa huku navinyoosha." Dakika moja tu, na ameelewa mambo ambayo nilijaribu kumweleza kwa juma zima. Alikanda bega, akakanda kifundo kipate nguvu, na vidole akavifunga kwa kitambaa viwe ngumi laini wakati wa kulala. Ilimgharimu, nilimwona. Alipaswa kutazama vidole vya mwanawe vikijikunja siku hadi siku na asifanye kitu, yeye ambaye hakuwahi kukiacha kidole kilichopinda kipite mbele yake. Wanawake waliokuja kukandwa waliuliza kwa nini mkono wangu anauacha uharibike. "Huo hauharibiki," aliwajibu. "Huo unakomaa."

Mazoezi tulifanya kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Ni vyepesi na vigumu, havibonyei. Mama alivimwaga kwenye ungo mapajani mwangu, nikaokota kimoja kimoja na kukiangusha bakulini. Mwezi wa kwanza niliokota vitatu kwa asubuhi nzima. Mwezi wa tatu niliumaliza ungo, na nilikuwa nimevila vingi kiasi kwamba tumbo lilipinga. Kidole cha mwisho na cha pete havikurudi vizuri, vimebaki vimelegea hadi leo. Gumba na shahada vilirudi.

Ugali ulikuwa jambo jingine. Ugali unabonyea, una moto, na haupo pale mkono ulipo. Kiwiko changu hakinyooshi, kwa hiyo ili mkono ufike mbele naurusha kutoka begani, unaruka, unatua. Unatua ninapotaka mara moja kati ya nne. Kifua nacho hakina nguvu ya kujishikilia, hivyo nikiinama bila kujizuia naanguka kifudifudi. Mjomba alitatua hilo. Alikuja na spana zake, akashusha kiti, akapindisha mpini wa nyuma ili niupitishie kiwiko cha kushoto na kujining'iniza nao. Nikiwa nimenasa hivyo naweza kuinama mbele bila hofu, na mkono wa kulia unabaki huru. Tulijaribu mimi na mama jikoni, yeye akisonga ugali mgumu kuliko wa kawaida. Niliangusha matonge, nikayapaka kwenye shati, nikalipiga bakuli la mlenda mpaka likamwagika. Tulipochoka tulicheka. Nilikuwa nafurahia maisha tena na sikuwa na haraka ya kukiri.

Halafu ikaja Jumapili moja ya masika. Mjomba na majirani walikuwa wametandaza mkeka barazani, mama anatoa sinia, nikasema kutoka mlangoni, "Mjomba, nisogezeeni hapo." Hawakuuliza kitu. Waliukunja mkeka, wakaleta meza fupi na viti, wakaliweka sinia juu ya meza, wakanisukuma hadi upande wangu. Mama alipita na birika na beseni akituosha mikono. Kwangu alimimina kama alivyowamiminia wengine, wala hakunitazama usoni, ingawa maji mengi yaliishia kwenye sakafu. Mjomba akafanya ishara ya msalaba, akaombea chakula, akamega.

Nikanasa kiwiko cha kushoto kwenye mpini. Nikarusha mkono. Ukatua kwenye ugali, nikauacha uzame kidogo, nikainua kifundo. Tonge likatoka. Halikuwa la duara, lilikuwa na sura ya kitu kilichokanyagwa, lakini lilikuwa kati ya gumba na shahada. Nikalichovya kwenye uyoga wa karanga, nikakunja kiwiko, nikala. Jirani mmoja alikuwa anaeleza habari za maji ya mvua yaliyotuama shambani kwake. Hakuna aliyenipongeza, hakuna aliyenisaidia. Nikala la pili. La tatu liliniangukia, nikaliacha. Uyoga ulikuwa mtamu, chumvi imekaa sawa, na nilikuwa nasikia kila kichekesho tangu mwanzo wake.

Nikashiba ujasiri. Nikaona finyango la kuku katikati ya sinia, nikaurusha mkono kwa nguvu zaidi. Ukaruka kuliko nilivyokusudia, ukapita katikati, ukaenda kutua upande wa pili, moja kwa moja juu ya paja ambalo mjomba alikuwa amelisogeza kwake na kulitunza tangu mwanzo wa mlo. Nikainua kifundo. Vidole vikalikamata vizuri kabisa.

"We!" mjomba akafoka. "Kula mbele yako!"

Jirani wa mvua akaacha kutafuna. Jikoni, mwiko uliokuwa unakwangua sufuria ukasimama. Mwaka na zaidi ulikuwa umepita tangu nianguke, na katika muda wote huo watu walizungumza nami kwa sauti ya kanisani. Hakuna aliyenikaripia, hata nilipostahili, hata nilipompigia mama kelele. Mjomba mwenyewe alishtuka, nikauona mkono wake umesimama hewani na tonge lake, macho yananitazama kama mtu anayetaka kuomba radhi.

"Samahani, mjomba," nikasema haraka, kabla hajaomba radhi na kuharibu. Nikaangusha kifundo, vidole vikafunguka, paja likarudi lilikotoka. Nikauvuta mkono hadi upande wangu, nikamega pale palipo halali yangu. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuweza kuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa umenasa na mwingine una tonge. Mjomba alinitazama nikilia na kutafuna kwa pamoja. Akaelewa. Akalichukua paja lake, akaling'ata, na kwa mdomo uliojaa akaendelea pale alipoishia.

"Mtu mzima mwenye ndevu," akasema, "mwalimu wa hesabu, mpaka wa sinia huujui?"